Mji una saa zake, tuandikieni na hizo

Ndugu Mhariri,

Naomba nafasi kwenye ukurasa wako wa barua. Kurasa zenu za matembezi nazisoma zote, hata zile za miji ambayo sijui kama nitakuja kuifikia, na ninachotaka kusema ni kimoja tu: mnatuambia pa kwenda ila hamtuambii saa ya kwenda. Mnaandika mgahawa fulani mzuri, baa fulani ina mandhari, bustani fulani usiikose, picha kali kabisa, afu basi. Mgeni anafika pale saa kumi jioni na njaa yake anakuta viti vimepandishwa juu ya meza na mtu anapiga deki, anarudi hotelini anakula mkate na chipsi za pakiti, akirudi nyumbani anasema mji ule hauna kitu. Mji una vitu kibao, ila watu wa pale wameshakula na hawatakula tena mpaka usiku.

Mimi naamini kabisa mgeni anaufaidi mji pale anapokula saa wanayokula wenyeji, anapotembea saa wanayotembea na kukaa nje saa wanayokaa nje. Pesa inasaidia lakini haimalizi kazi. Unaweza kuwa na hela nzuri tu na ukakaa peke yako kwenye ukumbi mtupu, chakula kikawa kile kile ila raha hamna, kwa sababu raha ya mgahawa nusu yake ni watu waliomo.

Chukua Madrid. Chakula cha mchana pale kinaanza saa nane, wengine saa tisa, na cha usiku watu wanakaa mezani kuanzia saa tatu na wala sio ajabu kuona familia nzima na watoto wanaingia mgahawani saa nne usiku. Sababu sio uvivu kama wengine wanavyodhani. Mwaka 1940 serikali ya dikteta Franco ilisogeza saa ya Hispania mbele ili ilingane na nchi za katikati ya Ulaya wakati kijiografia nchi ile inakaa usawa mmoja na Uingereza, na saa hazikurudishwa mpaka leo, kwa hiyo mwezi wa sita jua la Madrid linazama karibu saa nne kasoro usiku. Sasa nani atakula chakula cha usiku jua linawaka? Mgeni anayeingia mgahawani saa moja jioni atakula na wageni wenzake tu, na mara nyingi ile migahawa inayofungua saa hiyo imefungua kwa ajili yake na sio kwa ajili ya wenyeji.

Lakini ukiijua saa yao, siku inajipanga yenyewe. Makumbusho ya Prado yanaruhusu watu kuingia bure saa mbili za mwisho, Jumatatu mpaka Jumamosi kuanzia saa kumi na mbili jioni na Jumapili kuanzia saa kumi na moja. Unaangalia picha zako bila haraka (usijaribu kuziona zote, chagua vyumba vichache), ukitoka bustani ya Retiro iko karibu tu hapo nyuma, ina bwawa la kupiga makasia na miti mikubwa, na kama ni kiangazi bado kuna mwanga wa kutosha. Mwaka 2021 UNESCO iliingiza bustani ile pamoja na barabara ya Paseo del Prado kwenye orodha ya urithi wa dunia, na hakuna kiingilio cha kupita pale. Ukichoka unaingia baa, na baa za kule sio lazima ukae, watu wanasimama kwenye kaunta, kinywaji mkononi, kisahani kidogo mbele cha zeituni au samaki au kipande cha mkate chenye kitu juu, wanaongea kwa sauti, wanamaliza, wanalipa, wanahamia baa ya jirani wanaagiza kisahani kingine. Mimi pombe situmii na niliishi pale vizuri tu na maji yangu yenye gesi, hakuna aliyeniuliza. Ikifika saa tatu na nusu umeshakula vitu viwili vitatu, umeongea na watu, na migahawa ndio kwanza inaanza kuchangamka. Yani hakuna hata dakika moja hapo uliyokaa kusubiri kitu kifunguliwe.

Na kama bajeti imebana, kula vizuri mchana na usiku kula kidogo. Hispania wana ule mlo wa mchana wa bei moja, unapata sahani ya kwanza, ya pili, kitu kitamu na kinywaji, utaratibu ulioanza kwa msukumo wa serikali miaka ya 1960, na jiko linalokupikia mchana ni lile lile linalowapikia wanaolipa zaidi usiku. Ufaransa nao migahawa mingi ina bei nafuu ya mchana. Ila Paris ukichelewa umekwisha, maana majiko mengi yanafunga kama saa nane na nusu hivi na hayafungui tena mpaka saa moja jioni, na mwezi wa nane wenye migahawa wengi wanafunga kabisa wanaenda likizo. Mtu ambaye tiketi yake ni ya mwezi huo anastahili kuambiwa mapema, sio akayakute kwenye kikaratasi kilichobandikwa mlangoni.

Bustani za bia za Munich, kule Ujerumani, naomba nizielezee kidogo kwa sababu ni mfano mzuri sana wa kitu ambacho mgeni anapita mbele yake asielewe. Pale kwenye English Garden, bustani iliyoanzishwa mwaka 1789 na ni kubwa kuliko Central Park ya New York, kuna mnara wa mbao wa Kichina na chini yake mabenchi ya watu kama elfu saba. Meza zenye vitambaa ni za kuhudumiwa na mhudumu. Meza tupu zisizo na kitambaa unaruhusiwa kuja na chakula chako mwenyewe kutoka nyumbani, kinywaji ndio unanunua pale. Utaona familia inafika na kapu, mama anatandika kitambaa chake mwenyewe cha mirabaraba, wanatoa jibini, mkate, figili zilizokatwa nyembamba mpaka mwanga unapita, kibweta kidogo cha chumvi, baba anaenda foleni kuchukua vinywaji, watoto wanapewa juisi ya tofaa iliyochanganywa na maji yenye gesi. Wakikuona umesimama na glasi yako wanasogea, kukaa meza moja na usiowajua ni kawaida tu.

Huo utaratibu una historia. Watengeneza bia walichimba maghala ya chini ya ardhi kuweka bia isipate joto na wakapanda miti ya kivuli juu yake, watu wakaanza kwenda kunywa pale pale chini ya miti, wenye migahawa mjini wakalalamika wanakosa wateja, na mwaka 1812 mfalme Max Joseph wa Bavaria, eneo ambalo Munich imo, akaamua kwamba wenye maghala wauze bia lakini chakula wasiuze zaidi ya mkate. Basi watu wakawa wanakuja na vyao. Sasa hayo ukiyajua unapita sokoni asubuhi unanunua mkate na matunda unaenda kukaa chini ya miti. Usipoyajua unaona watu wanakula unadhani ni sherehe ya mtu, unapita. Na saa pia ipo, kanuni ya Bavaria ya mwaka 1999 inasema muziki mwisho saa nne usiku, kuagiza mwisho saa nne na nusu na kufikia saa tano shughuli imefungwa, kwa sababu majirani nao wanataka kulala. Anayetoka hotelini saa nne akisema ndio anaenda kula bata atakuta benchi zinafutwa.

Mtasema hayo ni ya Ulaya tu. Hapana. Singapore iko karibu na ikweta, jua linachomoza karibu saa moja asubuhi na kuzama karibu saa moja jioni mwaka mzima, mchana joto ni kali na lina unyevu, kwa hiyo mambo ya nje yanafanyika pembezoni mwa siku. Bustani yao ya mimea iliyoanzishwa mwaka 1859 na kuingizwa urithi wa dunia mwaka 2015 inafunguliwa saa kumi na moja alfajiri na kufungwa saa sita usiku, kuingia bure, na alfajiri ndio utakuta wazee wanafanya mazoezi ya taratibu na watu wanakimbia. Hizo saa zinakuambia kila kitu ila kwenye makala nyingi utasoma jina la bustani na picha ya ua tu. Halafu yale masoko yao ya vyakula yenye vibanda vingi chini ya paa moja, ambayo UNESCO ilitambua utamaduni wake mwaka 2020, kibanda kikiuza kikamaliza kimefunga, hata kama ni saa saba mchana, hakuna cha kupika kingine, kwa hiyo kile kibanda maarufu ulichosoma gazetini ukikifuata alasiri unaweza kukuta shata tu. Na ukiona pakiti ya tishu imewekwa mezani peke yake usiiondoe ukakaa, mtu ameshaishika ile nafasi na yuko kwenye foleni.

Bogotá, mji mkuu wa Colombia, siku yake ni Jumapili. Tangu mwaka 1974 wanafunga barabara kubwa kwa magari Jumapili na sikukuu, kuanzia saa moja asubuhi mpaka saa nane mchana, zaidi ya kilomita 120 zinakuwa za baiskeli, wakimbiaji, wamama na vigari vya watoto, na pembeni wauza juisi na matunda. Mgeni anayefika Jumatatu akaondoka Jumamosi, akiwa amefuata ratiba aliyoisoma mahali, amekosa kitu kikubwa kuliko vyote ambacho mji ule unakitoa bure, na amekikosa kwa siku moja tu. Ingetosha sentensi moja ya mwandishi kumwambia panga Jumapili iwemo ndani.

Cape Town nako mlima ndio unaopanga ratiba. Kigari cha waya cha kupanda Table Mountain kipo tangu mwaka 1929 na upepo ukizidi kinasimamishwa, na upepo wa kusini mashariki ukivuta lile wingu jeupe likatanda juu huoni kitu hata ukipanda. Kila mwaka pia kinafungwa siku kadhaa kwa matengenezo. Kwa hiyo ushauri wa maana kwa mgeni sio kwamba usikose kupanda, ushauri ni kwamba ukiamka ukauona mlima uko wazi na kigari kinafanya kazi, achana na mipango mingine nenda siku hiyo hiyo, migahawa haikimbii. Nimeona watu wanaweka mlima siku ya mwisho kama zawadi ya kufungia safari, upepo unaanza, wanaondoka wanautazama kwa chini.

Tokyo nitasema moja tu, treni za usiku zinaisha karibu saa sita na hazirudi mpaka karibu saa kumi na moja alfajiri, kwa hiyo kila anayetoka kula na kunywa mbali na anakolala anajua treni yake ya mwisho ni saa ngapi. Utaona baa imejaa, ghafla nusu ya watu wanasimama kwa pamoja. Hawajachoshwa, wanawahi treni.

Sasa ombi langu, Mhariri. Kila makala ya mji wekeni kisanduku kidogo pembeni. Jiko linaanza na kuisha saa ngapi, kwa sababu baa kuwa wazi haina maana jiko liko wazi, hilo London linawaumiza wageni kila siku, wanaagiza chakula kwenye pub wanaambiwa jiko limefungwa na vinywaji bado vinauzwa. Siku gani mahali hapo pamefungwa. Jua linazama saa ngapi mwezi huo. Usafiri wa umma unaisha saa ngapi. Mvua au upepo ukija kipi kinafungwa. Na saa gani wenyeji wenyewe wanakuwepo, hiyo ndio ya muhimu kuliko zote na ndio ambayo simu haikuambii vizuri, inatakiwa mwandishi aliyekaa pale akaangalia.

Najua mtanijibu kwamba saa zinabadilika na gazeti likishachapwa limechapwa. Sawa, andikeni mwezi na mwaka mlioangalia, msomaji ni mtu mzima atapiga simu kuhakikisha kabla hajaenda. Bei nazo zinabadilika na mnaziandika kila siku. Waandishi wenu wanafika kweli huko, hilo halina ubishi, picha zinaonyesha, basi wakikaa kwenye benchi la bustani waandike pia ni saa ngapi benchi lilijaa na saa ngapi lilibaki tupu, hiyo kazi haiongezi hata nauli.

Na kama tatizo ni nafasi kwenye ukurasa, ondoeni ile picha ya kitanda cha hoteli inayowekwa kila toleo. Kisanduku kitaenea hapo.

Wenu,
Msomaji wa kurasa za matembezi