Beti Sitini za Ngazini

Langoni, Lamu
Mwezi wa Mei

Shoga yangu mpenzi,

Salamu nyingi zikufikie hapo Malindi, wewe, mzee wa nyumba na watoto wote. Wa baada ya salamu, nakuarifu kuwa sisi huku tu wazima, alhamdulillahi, isipokuwa mvua ambayo tangu Jumatatu haijatupa nafasi ya kuanika hata leso moja. Barua yako niliipata kwa mkono wa mpwa wako, imelowa pembeni lakini inasomeka, nami naona nikujibu kwa kalamu kama ulivyoniandikia, maana kwenye simu mimi na wewe hatujawahi kumaliza jambo.

Niliposoma kwamba ile baiskeli ya mazoezi aliyokuletea mwanao sasa ndiyo unayoanikia kanga, nilicheka peke yangu hapo dakani mpaka jirani akachungulia. Kisha nilinyamaza, kwa kuwa hayo unayoyalalamikia nimeyapitia yote. Unasema dakika nne juu yake huwa ndefu kama alasiri ya Ramadhani. Kwamba miguu bado ina nguvu lakini moyo umekwisha kukinai. Na kwamba unaona haya kurudi kwa daktari ukamwambie hukuweza kukaa juu ya kiti na kuzungusha miguu. Nakujibu kwa urefu kidogo, univumilie.

Unajua kuwa mwaka jana nami niliambiwa presha imepanda, na kwamba pamoja na dawa nahitaji mwendo wa kuongeza pumzi, usiopungua dakika 150 kwa wiki, kipimo kile kile ambacho Shirika la Afya Duniani linawashauri watu wazima. Nilitoka hapo nikidhani ni jambo jepesi, kwani mimi ni mtu wa kutembea. Lakini wewe umekaa Lamu na unakijua kichochoro chetu. Kutoka mlangoni kwangu hadi ufuoni nina salamu zisizopungua kumi na tano, na kila salamu ina maswali yake, ya mgonjwa, ya mtoto aliye Mombasa na ya bei ya samaki, hata moyo ukianza kupanda hurudi chini kabla hujafika kona ya pili. Nikisema nipite kwa haraka, watu husimama na kuniuliza kuna msiba gani. Ongeza punda wanaoshuka na mawe ya kujengea, ongeza maji ya masika yanayokimbia katikati ya njia, utaona kwa nini niliamua kufanya mazoezi yangu ndani ya nyumba, mlango umefungwa.

Na ndani ndimo ulimokuwa mtihani. Nilianza kwa kuzunguka chumba cha ndani, na vyumba vyetu vya kale unavijua, virefu na vyembamba, kwa sababu boriti za mkoko hazifiki mbali na waashi wa zamani walijenga kwa kadiri ya boriti. Hatua kumi na mbili kwenda, tatu kukata kona, kumi na mbili kurudi. Saa ya ukutani ilikuwa mbele yangu kila nilipogeuka, na naapa kuna siku niliiona imesimama. Nilijaribu kuruka kamba, ikapiga boriti siku ya kwanza, ikaangusha vumbi la miaka mia juu ya kitanda. Mjukuu wangu akanishauri nitembee nikitazama picha za video kwenye simu. Nikagundua kwamba macho yakishughulika miguu husinzia, na baada ya muda nilijikuta nimesimama katikati ya chumba, simu mkononi, nikitaka kujua kama yule mke mdogo atafukuzwa.

Kwanza nataka usijione mvivu. Sisi tuliofundisha historia tuna faida moja, kwamba tunajua vitu vilikotoka. Mashine za kukanyagia bila kufika popote hazikuanza kama zawadi ya mtoto kwa mama yake. Mnamo 1818 mhandisi wa Kiingereza aitwaye William Cubitt alibuni gurudumu kubwa lenye vidato, likawekwa katika magereza ya Uingereza, wafungwa wakawa wanalipanda kwa saa nyingi kwa siku, kidato kikishuka chini ya mguu kabla hawajakipanda kingine. Mengine yalisaga nafaka au kuvuta maji, lakini mengine hayakufanya kazi yoyote zaidi ya kuwachosha watu, na sheria ya 1898 ndiyo iliyoyaondoa. Sasa, ikiwa kukanyaga mahali pamoja kulikuwa adhabu ya mwizi, kwa nini ushangae kwamba moyo wako unalalamika? Moyo wako una akili. Kinachotakiwa ni kuupa kitu cha kushika wakati mwili unafanya kazi yake.

Nilifikiri kitu hicho ni muziki. Binti yangu alinitilia taarabu kwenye simu, na hapo nilikosea mwenyewe, kwa kuwa taarabu haikutungwa kwa mtu anayekwenda mbio. Inataka ukae, uegemee, usikilize lile fumbo linamlenga nani. Kila ubeti mzuri ulinisimamisha. Chakacha, ngoma yetu ya kutikisa kiuno, ilinifaa zaidi, na dakika kumi zake zilinilowesha jasho mpaka mgongoni, ila wajukuu walifungua mlango na tangu siku hiyo sina heshima kamili katika nyumba hii. Yuko mtaalamu mmoja wa Chuo Kikuu cha Brunel kule London, Costas Karageorghis, ambaye ametafiti kwa miaka mingi habari za muziki na mazoezi, naye anaeleza kwamba muziki humpunguzia mtu hisia ya kuchoka mradi mazoezi ni ya wastani, lakini akijikaza sana pumzi na mapigo ya moyo hutwaa akili yote na wimbo hubaki ukiimba peke yake. Nimeyaona hayo kwa mwili wangu.

Baadaye nilijaribu hadithi za kusikiliza, kwa sharti kwamba nisizisikilize ila wakati wa mazoezi. Hili nalo si langu. Katherine Milkman wa Chuo Kikuu cha Pennsylvania na wenzake walichapisha mwaka 2014 utafiti ambao ndani yake watu walipewa vitabu vya kusikiliza ambavyo wangeweza kuvipata wakiwa kwenye jumba la mazoezi tu, nao wakawa wanakwenda mara nyingi zaidi mwanzoni. Lakini ilipofika likizo ya Novemba wakakatizwa, na tofauti ikafifia. Kwangu likizo hiyo ilikuwa Ramadhani. Niliacha nikisema nitarudi baada ya Idi, na Idi ikapita, na Sitatu Shawwal, zile funga sita za baada ya Idi, zikapita, na hadithi ile mpaka leo sijui iliishaje, wala sina hamu ya kujua.

Kilichonirudisha ni ngazi. Nilikumbuka habari ya daktari Jeremy Morris, ambaye mwaka 1953 yeye na wenzake walitangaza walichokiona kwa wafanyakazi wa mabasi ya ghorofa ya London: madereva, waliokaa kutwa nzima, waliugua moyo zaidi kuliko makondakta, waliokuwa wakipanda na kushuka ngazi za mabasi hayo hayo wakikata tikiti. Mabasi hayana ghorofa huku kwetu, na gari lenyewe ndani ya mji wetu ni la kuhesabu, lakini nyumba zina ngazi, tena ngazi ya nyumba hii ameipanda mama yangu na mama yake. Nikaenda kuvihesabu vidato vyake. Ni 16.

Nilipoitamka ile kumi na sita nilisimama hapo hapo. Kipande cha utenzi kina mizani nane, yaani silabi nane. Vipande viwili ni mizani 16. Ubeti mzima, wenye vipande vinne, ni 32. Maana yake, nikikanyaga kidato kimoja kwa kila mizani, vipande viwili vya mwanzo vitanipandisha hadi juu na viwili vya mwisho vitanishusha hadi chini. Nikaifunika saa kwa kanga, nikashika ukuta, nikauanza ule utenzi ambao bibi alitufundisha mimi na wewe ukumbini, tukipepeta mchele, wewe ukisinzia na mimi nikifinywa kwa makosa yako.

Siwezi kukueleza vizuri ilivyokuwa isipokuwa nikueleze polepole. Sauti ilikuwa ya chini, karibu kunong'ona, nami nilikata silabi moja moja kama mtu anayemfundisha mtoto. Vile vina vitatu vya mwanzo vinavyofanana vilinisukuma, kimoja katika kupanda, kingine nikifika juu na kugeuka, cha tatu katikati ya kushuka. Kisha kina cha mwisho, kile ambacho hakibadiliki tangu ubeti wa kwanza hadi wa kutamatia, kikaniangukia kwenye kidato cha chini kabisa, na mguu wangu ukagusa sakafu pamoja nacho. Ubeti wa pili vivyo hivyo, na wa kumi. Nilipofika wa ishirini na tatu, ulinipotea. Nilikuwa na kipande cha pili na kina cha mwisho, lakini mwanzo wake haukuja. Sikutaka kusimama, nikaurudia wa ishirini na mbili, nikipanda na kushuka nao kama mtu anayegonga mlango, mara nne, mara saba, nikaupiga chenga nikaendelea na wa ishirini na nne, nikarudi tena. Niliponyanyua kanga kutazama saa, dakika 35 zilikuwa zimepita, na siku ile ya chumba kirefu niliwahi kushindwa na kumi na mbili.

Tangu hapo sipimi kwa dakika. Ubeti mmoja kwa mwendo wangu huchukua karibu nusu dakika, kwa hiyo zile 150 za daktari ni beti 300 kwa wiki, nami huzigawa siku tano, sitini kila siku, baada ya alasiri. Utenzi wetu una beti mia na ushei, basi kila wiki naukaribia kuumaliza mara tatu, na mwisho wake hunijia mahali tofauti kila siku. Naamini siri yote iko hapo, shoga yangu. Dakika hazina habari. Ya tano haikwambii lolote ambalo ya nne haikusema. Ubeti una mtu anayesema na jambo analolielekea, na miguu humfuata.

Utenzi huo huo umekuwa kipimo changu cha nguvu. Madaktari husema kwamba katika mazoezi ya wastani mtu huweza kuzungumza lakini hawezi kuimba. Basi nikiona naweza kuuimba kwa mahadhi kamili, najua ninazembea, nakaza mwendo. Nikiweza kuusema tu, kipande kwa kipande na pumzi katikati, niko sawasawa. Nikikatika ndani ya kipande, nimezidisha, nakaa kwenye kidato nipumzike.

Niseme na aibu yangu. Juma la pili niliteleza. Mjukuu aliniita kutoka jikoni nilipokuwa nashuka, nikamjibu, mizani ikavurugika na kisigino kikatoka kwenye ukingo wa jiwe. Nilijikuta nimekaa kwenye kidato cha sita na kiwiko kimechubuka. Sasa nimepiga marufuku mtu kuniita beti zisipokwisha, nashuka polepole kuliko ninavyopanda, na siku za mvua, mawe yanapotoa unyevu, huvaa raba badala ya ndara. Kwa magoti yako ngazi hata sikushauri.

Tena nyumba yako ya Malindi haina ghorofa. Toa kanga zako kwenye baiskeli. Weka mzunguko mmoja kwa kila mizani, mguu wa kulia ukishuka ndipo silabi itoke, na kila ukifika kipande cha nne kaza kidogo kile kitasa cha uzito kisha ukilegeze ubeti mpya ukianza. Igeuze baiskeli ielekee ukuta usio na saa, na simu iache chumba kingine, hata kama ni mimi ninayepiga. Ukiwa umesahau beti, usifungue kitabu kwanza. Zunguka nazo mpaka zirudi, maana kule kuzitafuta ndiko kunakopoteza wakati vizuri zaidi kuliko kuzijua.

Ule wa ishirini na tatu bado sijaupata. Nimemwuliza bi mkubwa wa nyumba ya pili, akaniambia maneno ambayo nina hakika ni ya utenzi mwingine kabisa. Ninachokumbuka ni kwamba bibi alipofika hapo alikuwa akiweka ungo chini. Ikiwa wewe uliyekuwa ukisinzia unao, niandikie, lakini tafadhali usiniandikie wote: nipe kipande cha kwanza tu, mizani nane, vingine nitavitafuta mwenyewe ngazini.

Nisalimie wote hapo nyumbani.

Ni mimi shogayo wa Langoni.