Risala ya wanafunzi wa tiba ya sanaa kwa mgeni rasmi

Mheshimiwa mgeni rasmi, mama yetu, walimu wetu, wazazi na majirani wote, shikamooni na karibuni sana hapa Magomeni.

Mama, wengi wetu tulipojiunga na mafunzo haya ya tiba ya sanaa, yaani kumsaidia mtu mwenye maumivu ya moyo kwa kuchora, tulidhani tutafundishwa kuangalia picha ya mtu na kumwambia anaumwa nini. Wapi. Mwalimu alituanzia na Padri Ignacio Martín-Baró, mwanasaikolojia wa El Salvador aliyeuawa na wanajeshi tarehe 16 Novemba 1989 palepale chuoni kwao, yeye na mapadri wenzie watano, mpishi wao na bintiye. Alifundisha kwamba kidonda cha vita hakikai ndani ya mtu mmoja, kinakaa kati ya watu, kwenye jinsi wanavyoishi pamoja.

Hilo tukaja kuliona kwa akina mama wa bonde la Msimbazi waliokumbwa na mafuriko. Mmoja alichora nyumba, maji yamefika dirishani, juu ya bati sufuria moja tu. Akaikunja manila akaikalia, anaona aibu, anasema yeye ndo mzembe hakuhama mapema. Tukaomba kila mtu atandaze yake mkekani, picha saba zina maji dirishani. Kimyaa. Halafu mmoja akasema kumbe ni sote, wakaanza kuulizana ule mtaro kauziba nani na vile viwanja waliuziwa na nani, wiki iliyofuata wakaongozana mpaka serikali ya mtaa na picha zao mkononi, sisi tulibeba mkeka tu.

Na haya mambo si mageni hapa Dar, Paulo Freire, mwalimu wa Brazil aliyefundisha kwamba watu wajifunze kwa kuulizana juu ya maisha yao wenyewe, alikuja mwaka 1971 akaongea na watu wa elimu ya watu wazima, inatuuma kwamba sisi tumemsikia mwaka huu.

Changamoto zipo mama. Rangi zinaisha haraka, hatuna mtu mzoefu wa kukaa naye tukitoka kwenye vikao vizito, na vitabu vyote ni Kiingereza wakati hawa akina mama wakisema moyo mzito tunaelewana palepale.

Tunaomba utusaidie tupate chumba cha kudumu. Ombi kubwa zaidi, hawa akina mama waingie kwenye kamati inayopanga mafunzo, wasiitwe tu siku ya wageni.

Picha zao saba ziko ukutani nyuma yako mheshimiwa, wenyewe wako mstari wa pili, wameomba wakuelezee kwa midomo yao.

Ahsante kwa kutusikiliza.
Ni sisi wanafunzi wako.