Pikapu isiyokata kona: tuangalie matairi kabla ya kugusa boliti za stopa

Ndugu Mhariri,

Tunaomba nafasi katika ukurasa wako tuseme na mafundi wenzetu, maofisa usafirishaji na wenye magari kuhusu Toyota Land Cruiser pikapu, ile ya 79. Kazi nyingi za wilayani ziko mgongoni mwake: mabomba ya maji, saruji, dawa, nguzo. Ukipanda nayo kona za kutoka Mombo kwenda Soni na Lushoto, dereva atakuambia halikati, linageuka kama lori. Kisha atalipeleka gereji, na fundi asiye makini atazirekebisha ziwe fupi boliti za stopa, zile zinazozuia gurudumu lisikate kupita kiasi, ili magurudumu yalale (yaani yakate) zaidi. Hilo ndilo tunaloliandikia, kwa sababu linaharibu magari na linaweza kuua watu.

Gari hili lina duara kubwa tangu kiwandani. Kutoka ekseli ya mbele hadi ya nyuma ni mita 3.18, na duara lake la kugeukia ni mita 14.4. Ukipiga hesabu, gurudumu la mbele la upande wa nje linalala kama digrii 26 tu. Sasa angalia jinsi digrii chache zinavyoleta tofauti: likipoteza digrii 3, duara linafika mita 16 na zaidi. Kona iliyokuwa inapitika kwa mkato mmoja inageuka ya kwenda mbele na kurudi nyuma mara mbili, bondeni kukiwa hakuna kingo. Kwa hiyo swali la kwanza kwa fundi si namna ya kuongeza kitu juu ya kile cha kiwandani. Ni kujua kama gari bado linacho.

Mara nyingi halinacho, na chanzo ni matairi. Gari lililokuja na 7.50R16 linavishwa 285/75R16 kwa sababu yanapendeza na hayazami mchangani. Tairi hilo ni nene zaidi kwa sentimita 7 hivi na refu kwa sentimita 3. Likikatwa usukani hadi mwisho linasugua ule mkono mrefu unaoishika ekseli. Fundi anaona alama ya msuguano, anairekebisha boliti ya stopa iwe ndefu, kelele zinakwisha, gari linatoka gereji. Hakuna anayemwambia dereva kwamba ameibiwa digrii zake. Wengine hufunga rimu zinazotoka nje au spesa, vile vipande vya kulisogeza gurudumu nje. Hizo huondoa msuguano kweli, lakini uzito wote unahamia nje ya kingipini, ile pini ambayo gurudumu linageukia, beringi zinakufa mapema, na usukani unaanza kumpiga dereva mikono akikanyaga shimo. Anayetaka tairi pana kidogo achukue 265/75R16: kimo chake ni karibu sawa na 7.50R16. Hata hivyo apime nafasi kabla ya kulipa.

Kupima hakuhitaji mashine. Tafuta uwanja mkavu na tambarare, mwaga jivu au chokaa, washa gari, kata usukani hadi mwisho kulia, uende mwendo wa mtu anayetembea mpaka duara lifunge. Pima kwa futi kamba upana wa duara kwenye alama ya tairi la mbele la nje. Rudia kushoto. Kama pande zote mbili ni karibu mita 14.4, gari ni zima. Aliyebaki kufundishwa ni dereva. Kama zote ni kubwa, angalia stopa na matairi. Kama upande mmoja ni mzuri na mwingine umezidi kwa nusu mita au zaidi, shuku stelingi boksi, lile boksi la gia za usukani, kutokuwa katikati.

Kosa hili la boksi ni la kawaida mno baada ya kubadilisha bolijointi, vile viungo vya fimbo za usukani. Gari likitoka kwenye alaimenti, yaani kunyooshwa magurudumu, usukani umekaa upande, fundi anang'oa usukani wenyewe na kuupachika sawa. Macho yanafurahi, lakini boksi limebaki nje ya kati. Njia ya haki ni hii: pandisha ekseli ya mbele kwa jeki, weka stendi, injini imezimwa. Chomoa draglinki, ile fimbo inayotoka kwenye boksi, kisha zungusha usukani kutoka mwisho mmoja hadi mwingine ukihesabu mizunguko, rudi nusu kamili. Magurudumu yakitazama mbele moja kwa moja, draglinki inatakiwa kurudi mahali pake bila kulazimishwa. Kama hairudi, rekebisha urefu wake. Usiiguse tairodi inayounganisha magurudumu mawili, maana hiyo inaharibu toini, yaani jinsi magurudumu ya mbele yanavyoelekeana, na gari litakula matairi ndani ya wiki chache. Ila kama tairodi imepinda kwa kugonga jiwe, ibadilishe. Usiipashe moto na kuinyoosha.

Baada ya hapo ndipo stopa. Kila goti la ekseli, ile sehemu inayogeuka pamoja na gurudumu, lina boliti yake yenye nati ya kufungia. Lengo ni kuirudisha kwenye kipimo cha kitabu cha gari, si kuifupisha hadi mwisho. Usukani ukikatwa kabisa, boliti lazima iguse ekseli kabla boksi halijafika ukomo wake wa ndani. Boksi likitangulia, nguvu zote za usukani zinaishia ndani yake badala ya kwenye boliti. Acha pia nafasi kati ya tairi na mkono wa ekseli. Sisi tunadai upana wa kidole gumba. Ipime tena gurudumu moja likiwa limepandishwa juu ya gogo, kwa sababu kwenye mashimo ekseli inainama upande mmoja.

Ndani ya lile goti kuna jointi ya CV, kiungo kinachopeleka nguvu ya injini kwenye gurudumu hata likiwa limekatwa, na hiyo ndiyo inayolipa gharama ya boliti iliyofupishwa kupita kiasi. Golori zake zina pembe ya mwisho ya kufanyia kazi. Ukiipita, zinabana kwenye kikapu chake. Dereva akirudi nyuma mlimani, usukani umekatwa wote na magurudumu manne yanavuta, kinasikika kishindo kimoja na jointi imepasuka. Vipande vikinasa humo gotini, usukani unaweza kukwama.

Kuna jambo dogo ambalo madereva wengi hawaambiwi. Land Cruiser hii ikiwa imewekwa kuvuta magurudumu manne juu ya lami kavu, ekseli ya mbele na ya nyuma zinabishana kwenye kona na gari linajisukuma mbele. Ikifika lami, itoe. Difu iliyofungwa, yaani magurudumu mawili ya ekseli moja yakilazimishwa kuzunguka sawa, ni mbaya zaidi. Mifuko ya saruji iliyorundikwa nyuma ya ekseli nayo huinua pua. Tairi la mbele linakuwa jepesi, linateleza badala ya kukata. Na kwenye kona kali, dereva akumbuke kwamba gurudumu la nyuma la ndani linapita karibu sentimita 90 ndani ya njia ya lile la mbele. Aingie kwa upana, akate akichelewa.

Wanaorefusha chesisi kwa ajili ya watalii wajue hesabu yao: sentimita 40 zikiongezwa, duara linafika kama mita 16.2 hata stopa zikiwa sahihi. Hapo hakuna boliti ya kuokoa. Na pitimani ndefu (pitimani ni mkono wa boksi unaoisukuma draglinki) zinazouzwa kama dawa tunazikataa kabisa, kwani zinaongeza mzigo kwenye shafti ya boksi, na ikikatika hakuna breki ya kusaidia kulielekeza gari.

Tunaziomba taasisi zenye magari haya ziongeze mstari mmoja kwenye fomu ya kupokea gari kutoka gereji: duara la kulia, mita ngapi, duara la kushoto, mita ngapi. Kazi hiyo haifiki nusu saa. Ifanywe kila matairi, bolijointi au stelingi boksi vinapobadilishwa, na fundi asaini.

Mafundi wa stelingi na ekseli,
Korogwe, Tanga