Nyota zilizovutika pichani zisihukumiwe haraka

Mhariri,

Naomba nafasi ya kupinga shauri moja lililomo katika makala yenu kuhusu upigaji picha za anga kwa darubini, kwamba anayeona nyota zake zimevutika badala ya kuwa duara anunue stendi yenye mota bora zaidi ya kuifanya darubini ifuate mwendo wa nyota angani. Shauri hilo huwatia wanaoanza katika gharama kubwa, ilhali mara nyingi mota haina kosa.

Kipimo cha kwanza ni cha bure. Mtu apige picha ya sekunde 1 au 2 penye nyota nyingi, aikuze, kisha alinganishe katikati na pembe zote nne. Kwa muda mfupi hivyo hata mota dhaifu haiwahi kukosea sana, kwa hiyo nyota zikionekana vibaya, kasoro itafutwe kwenye vioo, lenzi au kamera. Mikia inayotawanyika kutoka katikati kuelekea pembe zote huashiria kwamba lenzi ya kunyoosha kingo za picha haipo, au haijakaa umbali unaotakiwa kutoka kwenye kihisi cha kamera. Lenzi nyingi za aina hiyo hutaka milimita 55, na anayeweka kichujio hapo kati hulazimika kuongeza umbali huo kwa takribani theluthi ya unene wa kioo cha kichujio, jambo linalosahauliwa mno. Pembe moja ikiharibika peke yake, huenda kamera imefungwa ikiwa imeinama. Nyota zenye umbo la pembetatu ni dalili ya kioo au lenzi iliyobanwa kupita kiasi.

Nyota zikiwa duara katika picha fupi, lakini zikavutika zote upande mmoja katika picha ya dakika 5, hapo ufuatiliaji ndio unaostahili kulaumiwa. Hata hivyo, si lazima iwe mota. Kuna hali inayowatesa wengi, ambapo grafu ya makosa ya kamera ya kuongozea, yaani kamera ya pili inayotazama nyota na kusahihisha mwendo wa stendi, ni tulivu kabisa na bado nyota zinahama, kwa sababu darubini ndogo ya pembeni inayobeba kamera hiyo inalegea taratibu kadiri mzigo unavyogeuka. Tiba yake ni kukaza vishikizo, au kuipatia kamera ya kuongozea mwanga wa darubini kuu kwa prizimu ndogo.

Ningefurahi mkichapisha bega kwa bega picha fupi na picha ndefu za darubini moja, ili wasomaji wajifunze kuzilinganisha wenyewe kabla ya kwenda dukani.

Msomaji wenu