Kimvita si makosa ya tahajia

Mhariri,

Ile taarifa yenu juu ya walimu wanaodai watoto wa Mombasa "wanaharibu Kiswahili" kwa Kimvita, lahaja yetu ya hapa, imeninyima raha siku tatu. Gazeti lenu nalinunua miaka mingi na sijapata kuwaandikia hata mstari.

Mjukuu wangu yuko gredi ya 6. Muhula uliopita aliandika insha ya safari ya Lamu: upepo ukavuma, mtanga ukamwingia matoni, akashikwa mkono hadi ndiani. Mwalimu alizungushia "mtanga", "mato" na "ndia", yaani mchanga, macho na njia, wino mwekundu, akaandika pembeni: "Hiki si Kiswahili." Mtoto alirudi akaniuliza, "Nana, kwani sisi twasema lugha gani?" Tangu siku hiyo, mgeni akija nami nikasema "ndoo ukae", yeye hunivuta leso na kuninong'oneza, "Sema njoo." Ananionea haya kwa neno nililolipata kwa mamangu.

Kiunguja, lahaja ya Unguja, kilifanywa msingi wa Kiswahili sanifu katika mkutano wa 1928, tena ulifanyika papa hapa Mombasa. Ilitakiwa lahaja moja ya kuchapia vitabu vya shule, ili mtoto wa Tanga na wa Kisumu wasome mamoja. Kwa hilo sina ugomvi. Lakini kuchaguliwa kwa Kiunguja hakukugeuza Kimvita kuwa kosa! Muyaka bin Haji, mshairi wetu wa Mombasa, alitunga kwa Kimvita kabla ya Mwingereza kuitawala Kenya. Na huyo huyo mjukuu wangu akifika shule ya upili, akikuta "mato" katika shairi, atafundishwa kujibu kuwa mshairi ametumia lahaja, na atapewa alama. Neno ni lile lile. Shairini lina alama, inshani lina duara jekundu. Nani atamweleza mtoto hayo akaelewa?

Na runinga je? Kila jioni nasikia "jisikie huru kutupigia", Kiingereza kilichovishwa kanzu, na watangazaji wanaosema "zahabu" na "zambi". Hao hawapigiwi duara na mtu.

Ninalotaka ni hili. Mwalimu atumie wino wa kijani, juu ya neno aandike "Kimvita", chini yake aandike la sanifu, na wahusika wa insha wanapozungumza asikate alama. Na kila anayepangiwa kufundisha Kiswahili Mombasa akae kwanza alasiri tatu na wazee kwenye baraza za mtaa wa Kuze, asikilize tu. Kahawa nitapika mimi.

Nana wa Kibokoni,
Mombasa