Barua kwa mwanangu: kabati litavuka bila wewe

Mwanangu,

Jana jioni dada yako alinisomea ujumbe wako. Eti umepata mtumbwi wa mizigo hapa Mwanza, pale mwaloni Kirumba, mwenyewe mnafahamiana, mtapakia vyombo vyetu vyote vya kuhamia Ukerewe kwa mkupuo mmoja, mwondoke usiku mfike Nansio alfajiri, na wewe utakaa juu ya mizigo kuilinda. Sikulala. Baba yako alijifanya hajasikia, lakini saa nane za usiku alikuwa anapapasa kutafuta redio.

Vyombo vivuke, mimi sina neno. Wewe usivuke navyo.

Sina haja ya kukusimulia meli ya MV Bukoba ilivyozama Mei 21, 1996. Umekua ukiona jinsi baba yako anavyokuwa kila tarehe hiyo ikifika. Lakini MV Nyerere ilipopinduka kisiwani Ukara, Septemba 20, 2018, ilikuwa mchana kweupe, gati la Bwisya linaonekana kwa macho, na watu 228 wakafa. Kile kilikuwa kivuko cha chuma. Sasa wewe unaniambia habari ya mbao, injini ya kupachika na kabati la mninga limesimamishwa katikati! Mzigo mrefu ukikaa juu, mtumbwi unayumba hata kwa wimbi dogo, na kamba ikilegea mzigo wote unahamia upande mmoja. Hapo hakuna cha kujua kuogelea. Na usiku ndio wakati dhoruba za ziwa letu zinapoinuka, kuanzia usiku wa manane hadi alfajiri. Waulize wavuvi hapo hapo Kirumba kabla hujamuuliza rafiki yako.

Kwa hiyo nimeamua kupunguza mzigo mpaka mtumbwi usihitajike. Lori dogo litapita Magu na Lamadi hadi Bunda, litakata kwenda Kisorya, litapanda kivuko mpaka Rugezi, kisha Nansio kwa barabara. Ni kuzunguka, najua. Tungekuwa tunahamia Sengerema, tangu 2025 gari linapita juu ya daraja la Kigongo–Busisi bila kugusa maji. Lakini kwao baba yako ni Ukerewe, na huko ndiko tunakorudi, kwa sababu magoti yake hayawezi tena haya mawe ya mlimani Bugarika.

Nimepima kila kitu kwa futi kamba. Sebule ya kule ni futi kumi kwa kumi na mbili. Nyumba ni nzuri, bati umeezeka wewe, na hakuna mtu pale mtaani ambaye sijamwambia. Ila hukuuliza upana wa mlango kabla fundi hajaweka fremu, na sasa kabati la babu yako halipiti. Baba yako anasema ningekuwepo siku ile ningeona. Sawa.

Sofa zinabaki. Usibishane nami. Sponji imekwisha, na nilipozigeuza chini nimekuta unga mlaini umemwagika sakafuni, maana yake wadudu wamo na wanaendelea kula. Fundi amenionyesha: wanakula ile sehemu nyeupe ya ubao, ya nje, ambayo bado ina utamu wa mti. Kiini chekundu cha mninga hawakigusi. Hawa waliotutengenezea sofa waliweka weupe mtupu ndani, wakafunika na kitambaa kizuri. Siwezi kupeleka wadudu kwenye nyumba mpya wakae karibu na kitanda cha baba yako.

Kitanda kinakwenda. Ni cha kufungua kwa nati, chaga mbili tu zimepasuka. Meza ya mvule inakwenda na viti vinne; viwili vilivyobaki mdogo wako amevichukua. Kigoda cha bibi yako kinakwenda, hakina gharama, nitakipakata mwenyewe. Lile kabati la nguo la mbao za kugandamiza, mlilolisifia sana lilipoletwa, sitalipeleka popote karibu na ziwa. Uliona mwenyewe kwa shangazi yako mwaka 2020 maji yalipopanda: kabati kama hilo lilivimba miguu, bawaba zikang'oka, likawa la kuwashia moto, na kitanda chake cha mninga kilichokaa ndani ya maji yale yale kilianikwa kivulini, kikapigwa msasa na vanishi, mpaka leo analalia. Ukija kununua vya nyumbani kwako, fungua droo uangalie ubavuni na chini, mahali ambapo hawapaki rangi. Kama ubao umeungwa kwa ulimi na tundu, nunua hata kama ni mzee. Kama ni misumari na gundi peke yake, ondoka. Mkeo anapenda vitu vya kung'aa, mwambie taratibu.

Ukisikia kwa dada yako kwamba ile meza ndogo ya dirishani imeshatoka, ni kweli, na usimlaumu yeye. Mtoto wa jirani anaingia kidato cha kwanza na alikuwa anaandikia juu ya ndoo.

Sasa kabati. Najua ndilo linalokutia mtumbwini. Umeandika kwamba kitu cha babu hakiuzwi, na kwamba lori litalikwaruza. Mwanangu, nasema hili nikiwa na akili zangu zote: kama kabati hilo ndiyo sababu ya wewe kulala juu ya maji usiku, nitaliuza leo kwa dalali wa kwanza atakayepita. Bei yoyote. Babu yako mwenyewe angeshika shoka.

Lakini haitafika huko, kwa sababu nimemwita fundi mzee. Amelizunguka, amepiga magoti, ameligonga huku na kule, akaniambia sehemu ya juu na ya chini ni vipande viwili vilivyokalishwa pamoja, hakuna msumari hata mmoja. Tukitoa vioo na kuvifunga kwenye mablanketi, linashuka mlimani kwa watu wanne badala ya wanane, na kule litapita mlangoni bila kubomoa fremu. Sehemu ya juu itakaa sebuleni. Ya chini itakaa jikoni iwe ya unga na sufuria. Baba yako hakupenda kuona kabati la baba yake likigawanywa, alitoka nje akakaa na kuku. Jioni alirudi akauliza vioo tutavifunga na nini, nikajua amekubali.

Wachukuzi wanataka kulipwa kwa kila chombo, si kwa siku. Nimewakatalia. Wewe una mdomo wa kuwaeleza, ulisimamia watu kazini kwako na wanakuheshimu, nami najivunia hilo. Basi tumia hicho kichwa. Mtu anayesimamia wenzake anajuaje kuwavalisha kofia za usalama, kisha yeye anakwenda ziwani usiku bila hata boya?

Njoo kwa basi, utusaidie kushusha mizigo mlimani. Siku ya kuvuka, baba yako na mimi tutapanda meli ya mchana ya kwenda Nansio, na wewe utakaa kati yetu. Lori litakwenda na mdogo wako. Huyo rafiki yako mpigie leo, umwambie mama amekataa. Kunitaja si aibu.

Tena usimwambie baba yako kwamba mtumbwi ni rahisi kuliko lori. Tofauti ya nauli nitalipa mimi, hela ya sofa imeshapatikana kwa mtu wa kuni.

Cherehani nataka ije kwa mkwe wangu, miguu yake ya chuma ni mizima na mkanda ni mpya. Lakini kama hatashona, aseme, kuna binti hapa kanisani anaihitaji. Dagaa wake nimeshawaanika, wamekauka vizuri, mfuko uko juu ya friza. Godoro la futi sita nani atalinunua, wewe au dada yako? Nijibu kabla ya Jumatano, mwenye lori anataka kujua ukubwa wa mzigo. Na katika jibu hilo uandike siku ya basi lako.

Mama yako