Shukrani kwa mama wa korido ya mahakama
Mama yangu, ambaye sikuwahi kukuuliza jina, nakushukuru. Ulinikuta kwenye korido ya mahakama hapa Kentucky nikiwa nimeshika karatasi nisizozielewa, watoto watatu wa marehemu dada yangu wakiwa wamewekwa kwa walezi wa muda huko Arizona, nami nikidhani kwamba udugu pekee ungetosha kuwaleta kwangu. Ni wewe uliyenieleza kwa Kiswahili, bila haraka, kwamba mtoto havukishwi mpaka wa jimbo kabla jimbo alipo halijatuma maombi rasmi na jimbo letu kuikagua nyumba, na kwamba sheria ya mwaka 2006 inataka ukaguzi huo ukamilike na taarifa yake itolewe ndani ya siku 60. Tangu hapo nilijua la kuuliza. Faili lilipokwama mezani pa ofisi fulani, nilimwandikia wakili wa watoto kama ulivyonishauri, nikaitaja tarehe ambayo siku hizo 60 zingeisha. Alama za vidole, vitanda vitatu, king'ora cha moshi (hicho nilikuwa nimekisahau kabisa): vyote ulinitajia mapema. Watoto walifika juzi usiku, na kitindamimba wao bado amelala ninapoandika haya.